Kombi ya zamani huharibika zaidi ikisimama

Tangazo lilisema kombi "imetembea kidogo na imetunzwa ndani miaka yote". Maneno hayo ndiyo yaliyotuvuta mimi na mume wangu. Siku hizi nikiyaona kwenye tangazo la gari la zamani, naongeza bajeti ya matengenezo kichwani kabla sijamaliza kusoma.

Yenyewe ni Volkswagen Type 2 ya kupigia kambi: injini nyuma, inapoozwa kwa hewa bila tone la maji, kioo kimoja kikubwa cha mbele kilichopinda, paa la kuinuka lenye turubai, kiti cha nyuma kinachokunjuka kuwa kitanda, na kabati lenye jiko dogo la gesi. Ilikuwa imekaa bandani miaka mingi. Tulisikia "imekaa ndani" tukaelewa "haijachoka". Kumbe gari huchoka kwa kukaa pia. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, mipira hukauka na kupasuka, petroli huacha utando unaonata ndani ya kabureta, na matairi huzeeka huku meno yake yakiwa marefu vilevile. Mita ya kilomita haikuonyeshi hata kimoja kati ya hivyo.

Tulichotaka kilikuwa kidogo. Kutoka Ijumaa jioni, kulala mahali penye miti au maji, kurudi Jumapili kabla ya giza. Hema lilikuwa limeshamshinda mume wangu kwa sababu ya mgongo, na magari mapya ya kulala yalikuwa mbali na mfuko wetu. Halafu, tuseme ukweli, kombi ilikuwa nzuri. Uzuri huo humponza mnunuzi. Nenda kuiangalia na mtu asiyeipenda.

Mzee aliyekuwa akiuza alikuwa muungwana, na sidhani kama alituficha jambo alilolijua. Aliwasha injini, ikaitika mara ya pili, akaniambia, "Sikiliza hiyo, mwanangu. Haina hata misi," yaani hairuki hata mlipuko mmoja. Tukasimama nyuma ya gari sote watatu, tumekunja mikono, tunatikisa vichwa. Wanunuzi wengi hufanya hivyohivyo: masikio yanafanya kazi, magoti yanapumzika. Jambo la kuangaliwa lilikuwa chini ya gari.

Injini ndiyo sehemu ya kombi hii isiyostahili kukunyima usingizi siku ya kununua. Imeshikwa kwenye giaboksi kwa bolti nne, fundi anayeijua huishusha na kuirudisha bila kelele nyingi, na spea zake bado zinatengenezwa. Umbo hili la kombi liliundwa Ujerumani kuanzia 1967 hadi 1979, na Brazil waliendelea na kombi za ukoo huohuo hadi mwisho wa 2013. Bastola, silinda, plagi, gasketi, vyote vipo.

Bodi ni habari nyingine. Kombi haina chasisi ya kufunguliwa kama ya lori. Mihimili ya chini, sakafu na kuta vimechomelewa vikawa kitu kimoja. Kutu ikiingia kwenye kizingiti kilicho chini ya mlango haijala urembo, imekula mfupa. Tena kizingiti hicho kina mabati matatu: la nje, la kati na la ndani. La nje likibadilishwa peke yake na kupakwa rangi, linang'aa huku mawili ya nyuma yake yakiendelea kuoza. Ndivyo ilivyokuwa yetu.

Fundi aliipandisha juu, akapita chini yake kimya kwa muda uliotosha kunikausha koo. Alipotoka alisema, "Dada, injini nitakutengenezea mimi. Hili bati ndilo litakalokumaliza." Tulikuwa tumeshalipa. Kumwita kabla ya kulipa kungetugharimu sehemu ndogo tu ya kazi ya kizingiti kimoja. Mume wangu hakusema neno njia nzima, na kimya chake nilikielewa, maana mimi ndiye niliyesema tusichelewe, wengine wataichukua.

Mwaka wa kwanza matengenezo yalikula karibu nusu ya bei tuliyonunulia, na sehemu kubwa ilikwenda kwenye kuchomelea. Kazi hiyo hulipwa kwa saa, na fundi bodi mwaminifu hawezi kukuambia ni saa ngapi kabla hajakata bati na kuona kilichomo. Wa kwanza tuliyemwendea alitaja bei kamili akiwa amesimama mlangoni, mikono mfukoni. Tulimshukuru tukaondoka. Wa pili alisema, "Nitakata hapa na hapa, nitakupigia picha, halafu tutaongea." Huyo ndiye tuliyemwachia funguo, na kweli picha zilikuja, na kila picha ilikuwa na shimo jipya.

Kama ningekuwa naenda kuangalia nyingine kesho, ningevaa nguo za kuchafuka na kubeba tochi, bisibisi na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa isije ikakwaruza rangi. Sumaku hunasa kwenye bati. Kwenye pati, ule udongo wa kuzibia matundu ya bodi, huteleza na kuanguka. Ningeanza na sehemu za kuwekea jeki, kwa sababu zikibonyea kwa kidole basi na mihimili iliyo jirani imeshaingiwa. Kisha matao ya magurudumu, kibati kinachobeba betri pembeni ya injini, ambacho asidi hukila taratibu, ukingo wa mpira wa kioo cha mbele, na mfereji wa paa. Ningeinua zulia pale dereva anapokanyaga. Mwisho ningefunga milango yote, nikae ndani dakika kadhaa nikivuta pumzi. Ukungu na petroli havifichiki puani. Na rangi mpya kabisa kwenye gari la umri huo sasa hunitia shaka kuliko rangi iliyofifia. Iliyofifia angalau inaonyesha yote.

Ukipewa kuchagua kati ya kombi yenye bodi kavu na injini iliyokufa, na nyingine yenye injini tamu na bodi iliyooza, chukua ya kwanza. Wala usijadiliane na mtu.

Kuna jambo la karatasi ambalo lilitupotezea muda kwa namna ya kuchekesha. Hati zetu zinasema 1972. Tukawa tunaagiza spea za 1972, zinakuja, hazikai. Fundi akatuonyesha taa za kuashiria za mbele: zetu ziko juu, pembeni ya matundu ya hewa, wakati za toleo la 1972 ziko chini karibu na bampa. Kiwanda kilihesabu mwaka wa toleo kuanzia Agosti, kwa hiyo kombi iliyotoka Septemba 1972 ni toleo la 1973. Namba ya chasisi inakuambia hivyo moja kwa moja: tarakimu ya tatu ndiyo mwaka wa toleo. Siku ya kununua linganisha namba hiyo na iliyoandikwa kwenye hati, tarakimu kwa tarakimu, na kama hazifanani ondoka. Baada ya hapo iandike mahali, uitumie kila unapoagiza spea badala ya kutaja mwaka.

Safari ya kwanza ya maana ilitupeleka kwenye milima. Tukiwa kwenye mteremko mrefu, kombi ikaanza kuvuta kushoto hata nilipokuwa sijakanyaga breki, kisha ikaja harufu ya kitu kinachoungua. Nilipata mahali pa kusimama kwa shida. Niliposogeza mkono karibu na gurudumu la mbele kushoto, joto lilinipiga kabla sijaligusa. Nilikaa kwenye nyasi nikitetemeka, na mume wangu, ambaye alikuwa hajanisamehe habari ya vizingiti, akakaa karibu yangu bila kusema "nilikwambia". Sijasahau.

Kilichotokea ni hiki. Mpira unaopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu ulionekana mzima kwa nje, lakini ndani ulikuwa umevimba hadi njia ikabaki tundu dogo. Nguvu ya mguu ilitosha kusukuma mafuta yapite kwenda. Kurudi hayakuweza, na pedi zikabaki zimebana diski muda wote. Tulirudi nyumbani kombi ikiwa juu ya gari la kubebea. Na mpira ule haukuwa umechoka kwa kutumika, ulichokea bandani.

Kwa hiyo gari lililokaa, hata kama breki "zinashika", badilisha mipira yote ya breki kabla ya safari ya kwanza, mwaga mafuta ya zamani, na fungua magurudumu ya nyuma uone silinda zake kama zinavuja. Baada ya hapo mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, utembee usitembee. Maji yakishaingia humo huchemka mapema kwenye mteremko, mguu ukazama hadi sakafuni, na tena huleta kutu ndani ya silinda.

Matairi tuliyakuta yana meno kama ya jana, na mzee alituambia kwa nia njema kwamba ni mapya. Pembeni ya tairi, mwishoni mwa mfululizo wa herufi unaoanza na DOT, kuna tarakimu nne: mbili za wiki na mbili za mwaka. 1409 maana yake wiki ya 14 ya 2009. Yetu yalikuwa na umri wa mtoto anayesoma na kuandika. Yalipovuliwa, mpasuko ulizunguka upande wa ndani, ule usioonekana gari likiwa limesimama. Ukinunua mengine, chukua yaliyotengenezwa kubeba mzigo. Ya gari dogo la kifamilia yanaweza kuingia kwenye ringi na bado yasihimili uzito wa kombi yenye kabati, maji na watu. Upepo wa nyuma huwa mwingi kuliko wa mbele. Fuata kitabu cha gari hata kama mtu wa pampu atakubishia.

Sasa petroli. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kombi nyingi za aina hii huishia kwenye moto, na moto wenyewe mara nyingi huanzia kwenye kipande cha mpira cha bei ya chini kabisa.

Mipira ya petroli ya zamani ina kitambaa kilichosukwa juu yake, na kitambaa hicho huficha nyufa. Petroli yenye ethanoli huimaliza mipira hiyo haraka zaidi. Mpira ukipasuka juu ya injini inayotembea, petroli hudondokea kwenye bati la moto na karibu na distribyuta inayorusha cheche. Na kizimba cha injini hii ya cc 1600 kimetengenezwa kwa aloi ya magnesiamu, chuma ambacho kikishika moto hakizimwi kwa maji. Maji hukiongezea hasira. Hapo hakuna gari tena.

Tulibadilisha mipira yote, siyo ile inayoonekana tu. Tangi liko nyuma ya ukuta wa chumba cha injini, na mipira yake ya kujazia na kupumulia haifikiki vizuri bila kushusha injini. Fundi alipokuwa ameshusha kwa ajili ya klachi, nikamwambia amalize na hiyo. Ule wa kujazia ulivunjika mkononi mwake. Agiza mpira uliotengenezwa kwa petroli yenye ethanoli. Alama ya R9 juu yake ndiyo ninayoitafuta. Weka klipu nzuri, na uitazame mipira hiyo kwa macho kila kabla ya safari. Kizima moto kiwe karibu na kiti cha dereva. Wengi hukifunga nyuma, jirani na injini, mahali ambapo siku ya kukihitaji hutaweza kufika.

Injini hii haina mita ya joto. Ina taa mbili ndogo: ya kijani ni presha ya oili, nyekundu ni chaji. Kwenye gari la kawaida taa ya chaji ikiwaka barabarani unaweza kujikongoja hadi mjini. Kwenye kombi ya 1600 usijaribu. Feni inayopooza injini imefungwa kwenye mhimili mmoja na dainamo, na vyote viwili vinazungushwa na mkanda mmoja. Taa nyekundu inaweza kuwa inakuambia mkanda umekatika, na kama umekatika hakuna hewa inayofika kwenye silinda. Zima, sukuma kando, angalia. Kuna mkanda wa akiba, spana ya 21 na bisibisi nene kwenye kombi yetu daima. Bisibisi ni ya kuzuia puli isizunguke, puli ina pengo lake kwa kazi hiyo. Nilijifunza kubadilisha nyumbani, mchana, bila haraka, na naomba kila atakayeiendesha afanye hivyo kabla ya kuhitajika.

Angalia pia mpira unaozunguka injini pande zote, unaotenga chumba cha juu na upande wa chini. Watu huutoa wakidhani ni takataka. Ukikosekana, hewa moto ya chini hupanda ikavutwa tena na feni, na injini inajipooza kwa joto lake yenyewe.

Mengine ya injini ni ya kawaida, lakini hayasubiri. Oili ni lita mbili na nusu tu, haina filta, ina kichujio cha wavu, kwa hiyo huchafuka upesi; sisi tunamwaga kila kilomita 5,000. Tapeti, vile vipande vinavyosukuma valvu, zinapimwa injini ikiwa baridi kabisa, mwanya wa milimita 0.15. Usifurahi zikiwa kimya. Tapeti inayopiga kelele kidogo inaudhi masikio. Iliyokaza huzuia valvu kukaa vizuri kwenye kiti chake, ikakosa pa kupelekea joto, ikaungua.

Kuendesha kunataka moyo mwingine. Farasi hamsini wanavuta gari, kitanda, maji na watu. Kwenye barabara kuu tunakwenda kati ya 80 na 90, milima tunapanda kwa gia ya tatu na wakati mwingine ya pili, na malori hutupita yakituacha tunayumba. Upepo wa ubavuni huisukuma kombi kama sanduku. Dereva amekaa juu kabisa ya magurudumu ya mbele, kwa hiyo kona inaanza kukatwa baadaye kuliko ulivyozoea, na mbele ya magoti yako kuna bati na taa, basi. Acha nafasi kubwa. Rivasi inapatikana kwa kukandamiza mkono wa gia chini, kisha kushoto na nyuma; watu wazima wamekwama kwenye maegesho kwa kutojua hilo. Ikiwa imepakia, inakunywa zaidi ya lita 12 kwa kilomita 100.

Mwendo huo ulitufundisha umbali. Mwanzoni tulipanga safari kana kwamba tuna gari jipya, tukawa tunafika usiku wa manane, tunagombana kuhusu mahali pa kuegesha, tunalala na viatu. Sasa hatuvuki mwendo wa saa mbili Ijumaa. Mahali pa karibu tulipokuwa tukipapita bila kugeuza shingo ndipo tunapolala, na tumepata sehemu nzuri kuliko zile tulizokuwa tukizifukuzia.

Kulala ndani kuna hatari ambazo hazina harufu. Joto la kombi hii hutoka kwenye ekzosi: hewa hupitishwa kando ya bomba la moshi ikapashwa moto na kuletwa ndani. Bomba likitoboka kwa kutu, moshi huja pamoja na joto, na kaboni monoksaidi haionekani wala hainuki. Tunacho kitambuzi chake karibu na kitanda, na hatutumii jiko kama kipasha joto, hata baridi iwe kali vipi. Gesi ya jiko nayo ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutulia sakafuni, kwa hiyo kabati la mtungi lazima liwe na tundu la chini linalotoka nje. La kwetu lilikuwa limezibwa na kipande cha zulia, kazi nadhifu sana ya mtu aliyechukia upepo. Mpira wa gesi una tarehe juu yake, isome. Maungio yapake maji ya sabuni, uone kama yanatoa povu.

Uzito nao hujificha. Lita 20 za maji ni kilo 20, betri ya pili ni kilo nyingine, na viti vya kukunja, mablanketi, sufuria, vyote vinapanda kimyakimya. Tulipoipitisha kwenye mizani tukiwa tumepakia kama tulivyozoea, tulikuwa karibu mno na kikomo kilichoandikwa kwenye kibati cha kiwanda. Nusu ya vyombo ilirudi jikoni, na hakuna aliyevikumbuka.

Narudi kwenye kusimama, maana bado ndiko kunakotutesa kuliko safari zote. Kombi ya wikendi ni gari linalokaa siku nyingi na kutembea chache. Wikendi mbili za mvua, moja ya msiba, nyingine ya kazi, ghafla mwezi umekwisha na hujaigusa. Tumejiwekea kwamba hata tusipokwenda popote, mmoja wetu anaitoa kwa nusu saa hivi, mpaka injini ishike joto sawasawa. Kuiwasha dakika tano pale ilipo na kuizima hakusaidii. Unyevu unakusanyika kwenye oili na ekzosi, na haupati joto la kuutoa. Breki zikanyagwe, gia zote zitumike, taa ziwashwe, dirisha lishushwe. Ikibidi ikae muda mrefu, tunajaza tangi, kwa sababu tangi la chuma lenye hewa nyingi hutoa jasho ndani na kushika kutu.

Betri ya kuwashia na ile ya taa na friji zimetenganishwa kwa rilei, swichi inayojiendesha kwa umeme, ili usiku wa kusoma kitabu usituzuie kuondoka asubuhi. Mita ndogo ya volti inatosha kukupa habari: 12.7 betri imejaa, karibu na 12.2 imebaki nusu, na betri ya asidi ikishushwa chini ya hapo mara kwa mara hufa mapema. Turubai la paa lisikunjwe likiwa na maji. Tukirudi Jumapili na mvua, paa linainuliwa tena nyumbani, hata tukiwa tumechoka kiasi cha kulia, likauke kabla ya kufungwa. Turubai la kwanza liliota madoa meusi kwa usiku kadhaa wa uvivu, na lilibidi libadilishwe lote.

Sitaki ufikiri ni mateso matupu. Kuamka, kuvuta mlango wa pembeni ukiwa bado kitandani na kukuta ziwa, nisingekubadilishia kwa hoteli. Wageni hutusogelea kila tunaposimama, mara nyingi wazee, wakianza na "sisi nyumbani tulikuwa na moja". Mume wangu, yule wa kimya cha njia nzima, sasa ndiye anayejua namba za spea kwa kichwa. Ila kama bado hujanunua, kodi moja kwanza. Chagua wikendi yenye utabiri wa mvua, siyo ya jua. Mkimaliza usiku mbili humo ndani, nguo zimelowa, mmoja akitaka kugeuka lazima mwingine akae, na bado mnataka, hapo mtakuwa mmejua zaidi kuliko sisi tulivyojua. Na kampuni yenu ya bima iwe imeandika thamani mliyokubaliana mapema. Ukiacha wakadirie wenyewe siku ya ajali, wanaweza kulihesabu kama gari kuukuu tu.

Jambo moja bado tunabishana. Distribyuta ya zamani inatumia pointi, vijichuma vinavyokata na kuunganisha umeme wa plagi, ambazo huchakaa na kutaka kurekebishwa, mwanya milimita 0.4. Mume wangu alitaka kifaa cha elektroniki, hakirekebishwi, injini inawaka vizuri zaidi asubuhi za baridi. Mimi nilikataa: pointi zikichoka hukuonya siku kadhaa, na unaweza kuzisugua kando ya barabara ukafika, kifaa kikifa kimekufa. Tulifunga chake. Pointi na kondensa zimo kwenye kopo chini ya kiti cha dereva, pamoja na karatasi yenye mchoro wa nyaya, na ni mimi niliyeliweka hapo.